MGONGANO WA WATU KATIKA RIWAYA: HABARI ZA AFIYA, MSICHANA WA KAZI



Wadogo wetu wa kalasi ya nne walituletea swali hili: «Mwalimu anatuambia kila mara kwamba pasipo mgongano hakuna riwaya. Mgongano ni nini? Ni watu kupigana?» Nimeombwa kujibu. Nitajibu kwa kitabu kimoja tu, ili tusipotee njiani.

Kwanza neno lenyewe. Mgongano si lazima ngumi. Watu wawili wakija bombani na maji ni mengi, kila mtu atajaza bidoni yake na kwenda. Hapo hakuna hadithi. Lakini maji yakiwa ya bidoni moja tu, na kila mmoja ana mtoto mgonjwa nyumbani, mgongano umezaliwa, hata kama hakuna aliyefungua kinywa. Basi mgongano ni hivi: watu wawili wanataka vitu ambavyo haviwezi kupatikana vyote pamoja, na kila mmoja ana sababu yake. Shikeni neno hilo la mwisho: kila mmoja ana sababu yake.

Kitabu nilichochagua ni cha Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, miaka michache baada ya mapinduzi ya 1964. Anaandika kwa Kiingereza, na mwaka 2021 alipewa Zawadi ya Nobel ya fasihi. Kitabu kinaitwa Afterlives, kilitoka mwaka 2020. Kwa Kifaransa kinaitwa Les Vies d'après.

Ni riwaya ya historia. Maana yake, watu wa hadithi wametungwa, lakini nchi na vita ni vya kweli. Nchi yenyewe ni Afrika ya Mashariki wakati wa Wadachi. Msidhani ni mbali. Ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Cyangugu, ilikuwa nchi yao. Mwaka 1914 waliteka hata kisiwa chetu cha Idjwi. Mwaka 1916 askari wa Force Publique walivuka kutoka huku kwetu, wakaenda mpaka Tabora, na wapagazi wakibeba mizigo nyuma yao. Vita tunayosoma mule ndani, wazee wa wazee wetu waliiona.

Sasa Afiya. Ni msichana mdogo, yatima. Anakaa kijijini kwa watu anaowaita mjomba na shangazi, lakini si wa damu yake. Pale anafanya kazi za nyumba kama mtumishi, na hakuna anayemlipa, sababu wanasema wanamlea. Siku moja anafika kaka yake, Ilyas, ambaye alikuwa hamjui. Huyu alisomeshwa shule ya Wadachi. Anamtoa pale, anampeleka mjini pwani, anamfundisha kusoma na kuandika. Kiisha vita inakuja. Ilyas anajiandikisha kuwa askari wa Wadachi, na Afiya anarudishwa kwa watu wale wale.

Hapo tunaona mgongano wa kwanza, wa mtu na mtu. Mjomba anagundua kwamba mtoto anajua kuandika. Anampiga mpaka anamvunja mkono. Juu ya nini? Alama chache tu kwenye karatasi? Nilisoma mahali pale mara tatu nikitafuta sababu yake, na nadhani ni hii: mtu anayejua kuandika anaweza kupeleka neno nje ya nyumba bila kupita mlangoni. Na kweli, ndivyo inavyokuwa. Afiya anaandika barua fupi sana kwa Khalifa, rafiki ya kaka yake, kuomba msaada. Khalifa anakuja kumchukua. Kalamu ile ile iliyomletea fimbo ndiyo iliyomtoa.

Mgongano wa pili ni wa mtu na desturi ya watu wote. Mjomba hakuamka asubuhi moja na kutunga peke yake kwamba binti hana haja ya kuandika. Aliikuta imani hiyo kijijini. Ndiyo maana ni vigumu kumshinda: nyuma yake wamesimama majirani.

Mgongano wa tatu ndio mgumu, na ndio ulionisukuma niandike. Nyumbani kwa Khalifa kuna mke wake, Bi Asha. Ni mtu wa sala. Anampokea Afiya, anamlisha, anamfundisha Kurani. Lakini kadiri mtoto anavyokua, maneno yanageuka kuwa makali. Na Afiya akimpenda Hamza, kijana maskini aliyerudi vitani akichechemea, Bi Asha anamwona kijana yule kama balaa iliyoingia nyumbani.

Je, Bi Asha ni mtu mbaya? Hapo ndipo wengi wetu tunakosa maksi katika mtihani. Tunaandika «mbaya», tunapiga mstari, tunaendelea. Lakini mwandishi ametuonyesha kwamba naye alidhulumiwa. Aliozwa kwa mapatano ya tajiri wa ukoo wake, na nyumba anayoihesabu kuwa urithi wake ilishikwa na tajiri yule yule. Mimba zake ziliharibika, hakupata mtoto. Mtu aliyenyimwa vyote hivyo anapewa msichana mmoja. Anamwokoa kweli. Kiisha anataka msichana huyo awe wake, sawa na sufuria iliyo yake. Na Afiya ndani ya moyo wake anavutwa pande mbili: shukrani upande huu, maisha yake mwenyewe upande huu. Akinyamaza, atazeeka jikoni kwa watu. Akisema, ataambiwa fadhila ya punda ni mateke. Huo ndio mgongano wa mtu na nafsi yake.

Basi jibu langu kwa kalasi ya nne ni hili: mgongano mkubwa si wa mwema na mwovu. Ni wa aliyesaidiwa na aliyemsaidia, siku msaada unapogeuka kuwa deni lisilokwisha.

Ningeweza kuishia hapa. Lakini nitasema ukweli, kwa sababu hata mimi kitabu hiki kimenigonga.

Nyumbani kwetu Kadutu kuna msichana. Ni wa jamaa ya mama, aliletwa kutoka milima ya Walungu akiwa na miaka tisa. Sasa ana kumi na tatu. Anateka maji, anawasha makala, anapika bugali, anafula nguo, hata shati hii ninayovaa nikisimama mbele yenu asubuhi. Jioni moja nilikuwa nawasomea wadogo zangu mahali pale pa mkono. Alikuwa anaosha sahani. Akauliza: «Yaya, ule binti wa mu kitabu alifanya nini juu bamuvunje mukono?»

Nikamjibu: «Aliandika.»

Akafikiri kidogo. Akasema: «Basi mimi habawezi kunivunja. Sijuwe kuandika.» Akacheka, akaendelea na sahani.

Sikulala vizuri usiku ule. Siku ya posho nikamwambia mama kwamba mtoto huyu aende shuleni. Mama yangu si mtu mbaya. Alisema: «Kama si mimi, angekuwa wapi? Anakula tunachokula. Nani amempiga hapa?» Yote ni kweli. Lakini nilisikia sauti ya Bi Asha. Nikamkumbusha kwamba Katiba yetu ya 2006 inasema masomo ya shule ya msingi ni ya lazima, na ya bure katika shule za serikali, na kwamba tangu 2019 serikali ilianza kuifuata sheria hiyo. Mama akaniangalia, akauliza swali moja tu: «Na kazi atafanya nani?»

Hapo nikaelewa kwamba mgongano wa nyumba yetu haukuwa kati ya mama na mtoto. Ulikuwa kati ya mtoto na mimi. Yeye haendi shuleni ili mimi nifike shuleni kwa wakati, na shati safi.

Tangu siku ile maji ya asubuhi ninateka mimi. Wengine wenu mmeniona bombani na mmecheka, mkuu wa wanafunzi na bidoni kichwani. Chekeni tu. Mama amesema tutaona Septemba. Sijui Septemba itasema nini. Wakati tunangoja, kila jioni tunachukua nusu saa na daftari la zamani. Ameisha kujua kuandika jina lake. Ameniomba nisilitie katika karatasi hii, na jina ni lake, siyo langu.

Katika 2 Wafalme 5 tunasoma juu ya msichana aliyekamatwa vitani, akamtumikia mke wa Naamani. Neno lake ndilo lililomfikisha bwana wake kwa nabii, akapona. Jina la Naamani tunalijua sote. Jina la yule msichana halikuandikwa. Leo jioni mkifika nyumbani, angalieni nani anaosha sahani, na mumuulize kama anajua kuandika jina lake.

Ni mimi, mkuu wa wanafunzi,
kalasi ya sita.