Kuoza kwa Mihimili ya Injini katika Mashua

Lugha ya waunzi wa vyombo ina jina kwa kila mti: mkuku ni mti wa chini ubebao chombo chote, mataruma ni mbavu zake, na mwashiri ni mti ushikao mlingoti kwa chini. Injini ni mgeni chomboni, nayo yataka kitako chake. Hukalishwa juu ya mihimili miwili minene, iliyolazwa kwa urefu na kufungwa penye mataruma. Mihimili hiyo hubeba uzito wa injini, tena hupokea nguvu yote ya rafadha isukumayo chombo. Ikioza, bolti hulegea, injini hutikisika, mti wa rafadha huacha njia yake, na pale utokeapo chomboni maji huingia. Ndipo roho za watu huwa hatarini.

Wengi hudhani kuwa maji ya bahari ndiyo yaozeshayo. Sivyo. Hapa yafaa kutenga maneno mawili: baharini mbao *huliwa* na wadudu watoboao, lakini *kuoza* ni kazi ya kuvu, na kuvu haipendi chumvi. Waunzi wa merikebu wa Marekani hapo zamani walijaza chumvi baina ya mataruma ili mbao zidumu. Adui hasa ni maji ya mvua, yavujayo toka juu, yakaingia katika matundu ya bolti na kukaa gizani pasipo hewa. Ubao ambao unyevu wake haufiki asilimia 20 hauozi. Kwa hiyo mashua za maziwani zahitaji uangalizi zaidi.

Kupima si kazi ngumu. Gonga muhimili kwa nyundo ndogo: mti mzima hulia, mbovu hutoa mlio mzito. Kisha choma kwa msharasi, hasa kando ya bolti na chini, kwa maana rangi nzuri mara nyingi huficha ubovu.

Ukiisha kuona ubovu, tafuta kwanza njia ya maji na kuiziba. Mti mpya juu ya maji yale yale utaoza kama wa kwanza. Chombo kipandishwe pwani na kuegemezwa vema, injini iondolewe. Ubovu ukatwe angalau futi 1 kupita mwisho wake uonekanao. Kiungo kikatwe mshazari, inchi 8 za urefu kwa kila inchi 1 ya unene, kwa mti mkavu kama mvule, nyuzi zikifuata urefu wa muhimili. Gundi ya epoksi isipakwe juu ya mti wenye maji, kwani hufungia unyevu ndani. Matundu ya bolti yatobolewe makubwa, yajazwe gundi, na ikikauka yatobolewe tena kwa kipimo cha bolti, ili maji yasiufikie mti.

Injini isinyoshwe kwa mara ya mwisho pwani. Chombo kikiingia majini hubadili umbo kidogo. Kiachwe siku chache, ndipo mstari wa rafadha upimwe na bolti zikazwe.

Mwalimu aliyekabidhiwa mashua baharini asioshe ngama kwa maji ya kisima. Na aoshe kwa maji ya chumvi, ayafue yote, kisha afungue vifuniko hewa ipite.