Muziki wa Kuwasikilizisha Popo

Swali limerudi tena, safari hii na picha: meza ndogo kando ya kitanda, simu, kigeuzi kipya cha sauti chenye kioo kilichoandikwa 192 kHz, na hedifoni ambazo bei yake haifiki robo ya bei ya kigeuzi hicho. Mwenye picha anauliza kama apande hadi kifurushi cha juu kabisa cha muziki wa mtandaoni, ili asikie kama walivyosikia studio. Nimeshalijibu kwa upole mara nyingi. Leo nalijibu bila upole: usipande.

Watu wameaminishwa kwamba sauti ya dijitali ni ngazi. Kwamba kati ya sampuli na sampuli kuna pengo, na sampuli zikiongezeka mapengo yanazibwa. Mchoro wa ngazi hiyo umejaa kwenye matangazo, na ni mchoro wa uongo. Kwenye jeki ya hedifoni haitoki ngazi, linatoka wimbi laini. Kanuni ya Nyquist na Shannon iko wazi: wimbi lolote lililo chini ya nusu ya idadi ya sampuli kwa sekunde hurudishwa lote kama lilivyokuwa, bila kukisia. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo inabeba kila kitu hadi karibu kilohezi 22. Sikio zima la kijana hukomea kwenye kilohezi 20. Ukishafika makamo, hata 15 unaweza usiipate. Sampuli 192,000 zinafika kilohezi 96. Huko anasikia popo wa darini, na popo halipii usajili.

Ukimaliza hapo, wanahamia kwenye biti: "Lakini 24 si zaidi ya 16?" Ni zaidi. Biti 16 zinakupa takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kuliko zote na mchakacho wa chini kabisa. Sasa piga hesabu ukiwa kitandani. Usiku huu unasikiliza muziki ambao vilele vyake vinafika desibeli 80. Mchakacho wa biti 16 uko desibeli 96 chini ya hapo, yaani chini kabisa ya uwezo wa sikio la binadamu. Chumba chenyewe, kikiwa kimetulia, kina kama desibeli 30, na bado hujawasha feni. Biti 24 ni mali ya studio, wanakohitaji nafasi ya kukosea wakati wa kurekodi na kuchanganya. Kazi ikishakamilika, wewe huzihitaji.

Na si hesabu tupu. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio katika jarida la Audio Engineering Society. Waliwachezea watu rekodi za SACD na DVD-Audio, zilizo juu ya kiwango cha CD, kisha wakawa wanaipitisha sauti hiyohiyo kwenye kiwango cha CD bila wasikilizaji kujua ni lini. Kwa sauti ya kawaida ya kusikilizia, majibu yao hayakupita ya mtu anayebahatisha.

"Lakini mimi nasikia tofauti!" Inawezekana, ila si ya sampuli. Mara nyingi toleo hilo limechanganywa upya, au linatoka kwa sauti iliyozidi kidogo, na sikio likipewa sauti iliyozidi hata kwa desibeli moja husema "hii safi zaidi". Jipime: chukua faili la 192, lishushe mwenyewe hadi 44.1 na biti 16, sawazisha sauti, kisha mwenzako abadilishe bila kukuonyesha. Rudia mara kumi na sita. Wengi huacha kunibishia wakifika ya nane.

Kichekesho zaidi ni rekodi za zamani. Siti binti Saad alirekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, kwa mitambo isiyofika hata nusu ya kilohezi 20. Ukiuziwa sauti hiyo kwa kilohezi 192, umeuziwa mkwaruzo uliopigwa picha vizuri.

Na wengi mnalipia 192 halafu mnasikiliza kwa Bluetooth. LDAC, mfumo wa kubana sauti ya Bluetooth, ikienda kasi yake ya juu hubeba kilobiti 990 kwa sekunde. CD kabla ya kubanwa ni 1,411. Simu nyingi za Android nazo huugeuza muziki kuwa kilohezi 48 kabla haujatoka. Kinachokwisha kweli ni bando: saa moja ya 24/192 kabla ya kubanwa ni zaidi ya GB 4, wakati muziki uliobanwa hadi kilobiti 320 kwa sekunde hula MB 144.

Haya, cha kufanya. Chagua kifurushi chochote chenye kiwango cha CD; bando likibana, 320 inatosha. Nyimbo za usiku zipakue ukiwa kwenye Wi-Fi. Simu isiyo na jeki itafutie adapta ya Type-C yenye kigeuzi ndani; ile ya Apple ni nzuri na ya bei ndogo, ila kwenye baadhi ya simu za Android sauti yake hutoka chini. Amplifaya uache kwanza: hata Sennheiser HD 600 yenye ohm 300 hutoa takriban desibeli 97 kwa volti moja, na za kutosha kitandani ni chini sana ya hapo. Fedha zote zilizobaki ziende kwenye hedifoni. Ukilala peke yako, chukua za mgongo wazi. Ukilala na mtu, za mgongo uliofungwa, maana za wazi zitamwimbia na yeye. Waya uwe wa mita tatu na upite nyuma ya kichwa, usipite shingoni. Washa kipima muda cha kuzima muziki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na usiku hata 60 zinatosha. Pedi zikichakaa, badilisha pedi, si hedifoni.