Ngazi Tatu za Mlangoni



Tunapokodi ukumbi wa sala, wa madrasa au wa harusi hapa Laeken, huuliza bei, idadi ya watu na mahali pa kutawadhia. Ni nadra kuuliza mlangoni pana ngazi ngapi. Ilhali wazee wetu waliofika nchi hii wakiwa vijana sasa wanatembelea mikongojo, na tunao watoto wa viti vya magurudumu. Asiyeweza kupanda huswali nyumbani, nasi husema tu kwamba fulani siku hizi haonekani.

Ubelgiji ilitunga sheria juu ya jambo hili tangu tarehe 17 Julai 1975. Kwa upande wa Brussels, vipimo vimo katika Sehemu ya Nne ya Kanuni ya Ujenzi ya Jimbo, iliyopitishwa Novemba 2006. Yanahusika majengo yanayopokea umma: shule, hospitali, benki, posta, na nyumba za ibada vilevile.

Kinachowatoa watu jasho ni kipimo cha mteremko. Ukiwa na urefu wa mita 10, usizidi asilimia 5, yaani kupanda sentimita 5 kwa kila mita. Tupige hesabu kama darasani: ngazi tatu, kila moja kimo chake sentimita 16, ni sentimita 48; zadai mteremko wa karibu mita 10. Nyumba nyingi za mtaa huu zimesimama ukingoni mwa njia ya miguu. Mita 10 zitatoka wapi?

Tena kanuni hiyo hufungamana na kibali cha ujenzi. Jengo kuukuu lisiloguswa hubaki lilivyo, na wenye majengo walijua hilo vyema mno. Hapo ndipo inapoingia sheria ya kupinga ubaguzi ya tarehe 10 Mei 2007. Kwa sheria hii, kumnyima mlemavu marekebisho ya kadiri ni ubaguzi, hata jengo likiwa la kale. Marekebisho hayo si lazima yawe lifti. Yaweza kuwa ubao wa mteremko unaotandikwa na kuondolewa, mlango wa uani ulio sawa na ardhi ukafunguliwa, au karani akashuka na makaratasi yake. Mwenye jengo anaweza kukataa iwapo mzigo umepita kiasi, kwa gharama mathalani, uvivu haumo. Tangu Machi 2021 haki hii imeandikwa katika Katiba yenyewe.

Basi mwenye haja aombe kwa barua, atie tarehe, abaki na nakala. Maneno ya mlangoni hayana shahidi. Akikataliwa bila sababu, Unia, taasisi ya umma inayoshughulikia ubaguzi, hupokea mashtaka bila malipo, na ofisi yake imo humu humu Brussels.

Lakini sheria hizi hazitutazami sisi kama waombaji tu. Kamati inayofungua ukumbi nayo imo miongoni mwa wanaopokea umma. Kabla ya kutia saini kwa ajili ya Idi, mmoja wetu aende na futi ya kupimia. Apime na mlango wa choo, maana tumekwisha kuona kiti kikiingia ukumbini vizuri kikakwama hapo.