Mombasa na Vitu Vyake vya Kwanza

Mgeni akishuka treni Miritini, mara nyingi huwa ameshapanga safari yake yote: hoteli, ufuo wa Nyali au Diani, picha chini ya Pembe za Ndovu, basi. Raha ya mchanga siikatai. Lakini mimi ni mtoto wa kisiwa hiki, na huniuma mtu akikaa siku tano kisha akarudi kwao bila kujua amepita kando ya kilicho kikongwe kuliko vyote, kilichostahimili kuliko vyote, na kinachobeba umati mkubwa kuliko vyote. Tena vingi kati ya hivyo havijastaafu. Vinafanya kazi mpaka leo.

Nianze Ngomeni, maana hata sisi wenyeji mtaa wote ule tunauita hivyo. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kiitaliano, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Wengi huambiwa hayo langoni, wakaingia, wakapiga picha na mizinga, wakatoka. Rekodi ya ngome hii ninayoistaajabia mimi ni ya mateso: kuzingirwa kwa miezi 33, kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Majeshi ya Oman yalikaa nje, njaa na maradhi yakakaa ndani. Watu walikufa zaidi kwa ugonjwa kuliko kwa risasi. Ulifika wakati makamanda wa Kireno wameisha, na aliyesimamia ulinzi wa ngome ya Mfalme wa Ureno akawa Mswahili, Sheikh Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache, wanaume kwa wanawake. Nikisimama kwenye kuta zile za matumbawe saa nane mchana, jua limekaza, huwaza habari ya maji. Waligawana vipi?

Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, ikalala chini ya bahari karibu miaka 280. Wazamiaji walianza kuichimbua 1977, na vitu walivyoopoa vimo katika makumbusho ya ngome. Usivipite mbio. Humo pia mna kipande cha ukuta ambapo mabaharia wa Kireno walichora majahazi, samaki na watu. Michoro ya watu waliokuwa na kiu ya kwao. Na ukitoka uani, kumbuka kwamba kutoka 1895 hadi 1958 hapo palikuwa gereza la serikali ya Kiingereza. Jengo moja limekuwa ngome, makao ya watawala, jela na makumbusho. Sijui jengo jingine mjini lililobadilishwa kazi mara nyingi hivyo.

Kutoka Ngomeni, fuata barabara ya Ndia Kuu hadi Mji wa Kale. Msikiti wa Mandhry hutajwa kuwa ulijengwa 1570, yaani ulikuwapo kabla jiwe la kwanza la Fort Jesus halijawekwa. Wapo wazee watakaokwambia Msikiti wa Basheikh ndio mkongwe zaidi, na mjadala huo usikilize kwa adabu, kwa kuwa watu wanaujua tangu utotoni. Mimi huutazama mnara wa Mandhry: mnene chini, mwembamba juu, mweupe, bila mapambo. Adhana inatoka hapo kila siku, mara tano, kwa karne nne na nusu. Ngome imekuwa ya kutazamwa. Msikiti ungali wa kuswaliwa.

Ng'ambo ya njia kuna kisima cha maji matamu, na kisima hicho hunirudisha nyuma zaidi ya Wareno. Ibn Battuta alifika Mombasa 1331. Aliandika kuhusu misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kuhusu visima vifupi milangoni, ambapo watu waliotembea bila viatu waliteka maji kwa chombo cha mti, wakaosha miguu, wakaipangusa kwenye mkeka mgumu kabla ya kuingia. Miaka 700 karibu, na ukisimama pale baada ya adhana utaona mambo yale yale: maji, miguu, mlango. Ya kale kuliko yote Mombasa, kwa maoni yangu, ni ile desturi ya mlangoni, na haina ada ya kuingia.

Pembe za Ndovu ndicho kitu kinachopigwa picha zaidi mjini. Ni za aluminiamu, zinapishana juu ya barabara ya Moi kama herufi M. Piga picha yako, uangalie matatu zisikugonge, uendelee.

Kaskazini, Bamburi, iko rekodi ya aina nyingine. Kiwanda cha saruji kilichimba matumbawe miaka nenda miaka rudi, kikaacha shimo kubwa jeupe, lenye chumvi, lisilo na udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyefanya kazi na kiwanda hicho, alianza kujaribu miti. Alipanda aina 26. Zilizosalimika ni tatu tu, na iliyoshika kweli ni mvinje. Sindano zake zilianguka zikarundikana bila kuoza, ndipo wakaletwa majongoo, wakazila, na kinyesi chao kikawa udongo, na shimo likawa mbuga ya Haller Park. Sisemi ni mbuga kubwa kuliko zote, wala yenye wanyama wengi kuliko zote. Nasema hakuna mahali pwani hii palipotoka mbali kiasi hicho. Twiga wanalishwa pale ambapo zamani hata nyasi hazikuota. Wazazi wanaoleta watoto Haller Park wawaoneshe jongoo kwanza, kisha twiga.

Hapo ndipo ulipoanza urafiki uliozungumzwa zaidi katika wanyama wote wa Kenya. Desemba 2004, baada ya tsunami, kiboko mchanga aliyepoteana na mama yake aliokolewa baharini karibu na Malindi, akapewa jina la Owen. Alipoletwa Bamburi alimkimbilia Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi, akajificha nyuma yake. Kobe alinung'unika kwanza, kisha akamzoea. Wakala pamoja, wakalala pamoja. Watoto wa nchi nyingi walisoma habari zao.

Lakini ukiniuliza ni wapi umati mkubwa kuliko wote, nitakupeleka Likoni. Feri huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, na magari maelfu. Anayetembea kwa miguu halipi kitu. Watalii wengi huvuka humo ndani ya gari, vioo vimefungwa, wakiwa na haraka ya Diani. Shuka, baba, shuka, mama, uvuke na watu. Utasimama bega kwa bega na fundi mwenye sanduku la zana, mwanafunzi anayekariri somo, mwenye mkokoteni wa madafu, mama na beseni la samaki kichwani. Safari ni dakika chache. Ubao wa mbele unaposhuka, umati unatiririka kama maji yaliyofunguliwa, na hakuna anayesukumana kama unavyodhani, kwa kuwa kila mtu amezoea mwendo wa mwenzake. Tusisahau pia kwamba maji haya yana huzuni yake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama katika bandari hii hii, na watu 272 wakafa. Wapo wanaovuka mpaka leo midomo ikiomba dua kimya.

Bandari hiyo, Kilindini, ni kilindi kweli. Jina halikutiwa chumvi. Kina hicho ndicho kinachoziruhusu meli kubwa kuingia hadi katika bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki, na feri hulazimika kuzisubiri zipite.

Pa kulitazama hilo ni barabara ya Mama Ngina, kwenye mibuyu, jioni. Nunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, au viazi vya karai, na kikombe cha kahawa chungu. Meli ya makontena huonekana kwanza mbali, ndogo kama mtepe wa mtoto, kisha inakua, inakua, hadi inafunika ng'ambo yote ya Likoni. Watoto huhesabu makontena kwa sauti, wakichanganyikiwa wanaanza upya. Upande wa pili feri imesimama imejaa watu, wote wamegeuza nyuso kuitazama ikipita.