Milarepa: yatima aliyeloga kwa sababu ya mirathi, akaja kuwa malenga

Wasikilizaji wetu wa Hasamba na Mbozi kwa jumla mnajua jinsi shamba la kahawa linavyoweza kugombanisha ukoo mwenyewe akifariki. Ugomvi wa namna hiyo ndio ulioanzisha kisa cha Milarepa, mshairi maarufu wa Tibet, nchi ya milima mirefu barani Asia. Aliishi karne ya 11 na ya 12.

Kisa chake kiliandikwa mwaka 1488 na Tsangnyön Heruka. Kinasema baba alipofariki, ndugu zake wawili, mwanamume na mwanamke, walichukua mali yote. Mjane na watoto wakafanywa watumishi. Mama akamtuma mwanawe akasomee uchawi. Milarepa akaangusha nyumba wakati wa harusi, wakafa watu 35. Lakini wale ndugu wawili waliodhulumu walinusurika.

Majuto yakamshika. Akaenda kwa Marpa, mkulima aliyekuwa pia mwalimu, aliyeleta mafundisho ya tantra kutoka India. Kabla ya kumfundisha, Marpa alimjengesha minara ya mawe na kumwamuru aibomoe, tena na tena. Baadaye Milarepa aliishi miaka mingi mapangoni, akila majani ya mwituni yanayowasha, akitunga nyimbo.

Tantra ni nini? Ni njia mojawapo ya dini ya Buddha. Inafundisha kwamba hasira na tamaa hazifichwi. Mtu huzitazama, akiongozwa na mwalimu, mpaka nguvu yake igeuke hekima, kama sumu inavyogeuzwa dawa. Mafundisho hutolewa kwa kiapo, ndiyo maana mashairi yake hutumia mafumbo. Kwa nje unasikia habari za theluji na mlima, kwa ndani kuna maelekezo ya kutuliza moyo.

Dar es Salaam kuna hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka enzi za ukoloni, ila hao ni wa tawi jingine. Na anayekutumia ujumbe kwenye simu akikuuzia "tantra" ya utajiri, hazungumzii mafundisho haya.

Dhuluma aliyofanyiwa Milarepa ilikuwa ya kweli. Kisasi ndicho kilichoua wasiohusika. Aliyeporwa mirathi leo asiende kwa mganga. Aanzie Mahakama ya Mwanzo.