Zawadi Isiyopokelewa

Sisi watu wa pwani, nyasi kwetu ni kitu cha kufyeka. Basi nilipofika Kitale na kukuta mashamba ya mahindi yamezungushiwa nyasi ndefu kumpita mtu, nilidhani ni ua. Kumbe ni mtego. Kipepeo wa usiku, mzazi wa funza wa mabua, hupenda kutaga humo kuliko kwenye mahindi. Na funza wakishatoboa bua, nyasi hutoa ulimbo ukawanasa. Wataalamu wa ICIPE na watafiti wa kilimo wa Kenya waliijaribu mbinu hiyo ya "sukuma-vuta" katika mashamba ya Trans Nzoia miaka ya 1990.

Nyasi hiyo ni mzalia wa Afrika. Kenya huitwa nepia, kwa jina la Kanali Napier wa Bulawayo. Tanzania ni mabingobingo, jina ambalo sikio langu hulipenda zaidi. Hupandwa kwa kipande cha bua chenye vifundo vitatu, viwili vikafukiwa. Wengine huchimba shimo la futi mbili, wakatia udongo na samadi, wakapanda vipande vitano hadi kumi pamoja. Njia hiyo huitwa Tumbukiza, Kiswahili kitupu!

Kutoka Kitale niliteremka Bungoma, na huko ndiko nilikohuzunika. Tangu miaka ya 1990 eneo lile limesumbuliwa na maradhi ya kudumaa kwa nepia. Mama mmoja alinionyesha shina lake: majani membamba, ya manjano, yamesongamana kama ufagio, hayafiki goti. Zizini ng'ombe alikuwa akilia.

Maradhi hayo huenezwa na mdudu mdogo mrukaji anayefyonza majani. Lakini mwenezaji mwingine ni mkono wa mtu. Mbegu ile mama alipewa na shemeji yake, bure, kwa mapenzi. Shina gonjwa huweza kuonekana zima kabisa. Aibu yake hutoka likikatwa na kuchipua upya.

"Sasa mzee, shemeji nitamwambiaje?"

Chuoni tulifundishwa kwamba mtu akipanda mche, ukaliwa na binadamu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Nilimweleza hayo, nikaona hayamfai kitu siku ile. Alikuwa ameshang'oa mashina kumi na moja na kuyachoma. Siku hizi hapokei mbegu mpaka aende mwenyewe akaone machipukizi.

Nilipoaga, alikata vipande vitatu kwenye shina la upande wa pili, lililoonekana zima, akanifungia nikapande Mombasa. Kwetu kurudisha zawadi ni kumvunjia mtu heshima. Nilirudisha. Akanitazama kitambo, akacheka, akaenda kunikamatia kuku.