Mlinganyo wa wimbi usikutie kiwewe, isukuti itakusaidia

UMEWAHI kusimama mbali na uwanja kule Shinyalu, ukaona mkono wa mpiga isukuti ukitua kwenye ngozi, halafu mlio ukakufikia baadaye kidogo? Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka, inaweza pia kukuokoa kwenye fizikia.

Tuseme mlio wake umeandikwa hivi:

y = 0.002 sin(340πt − πx)

Hapo y ni mtikisiko wa hewa kwa milimita, t ni sekunde, na x ni umbali kutoka kwa ngoma kwa mita. Usikariri, isome tu.

Namba ya mbele, 0.002, ndiyo ukubwa wa mtikisiko. Mpigaji akikaza mkono, hiyo ndiyo inayopanda. Iliyo kando ya t, yaani 340π, igawe kwa 2π: frikwensi ni hezi 170. Kwa x mambo yanageuka: chukua 2π ugawe kwa π, urefu wa wimbi ni mita 2. Zidisha 170 kwa 2, kasi ni mita 340 kwa sekunde. Na alama ya kutoa? Wimbi linaondoka kwenye ngoma, linakuja kwako.

Sasa chunga. Ukigeuza ule mgawanyo wa x, utapata kasi ya mita 85. Sauti hewani husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo jibu lenyewe litakuambia umepotea kabla hujakabidhi karatasi.